Moyo Haupasuliwi: Refa, Kadhi na Daraja la Rusumo

Kwenye kiwanja chochote cha shule, kuanzia Rulenge wilayani Ngara hadi Nyakahura wilayani Biharamulo, mpira ukimgonga beki mkononi ndani ya kumi na nane, sauti mbili hupaa kwa pamoja. Huku wanapiga kelele "makusudi!", kule wanajibu "bahati mbaya!" Beki anaonyesha jinsi mkono ulivyobana ubavuni. Mshambuliaji anaapa kwa jina la mama yake. Refa, ambaye mara nyingi ni mwalimu mwenye filimbi ya kuazima, ana sekunde mbili za kutangaza kilichokuwa moyoni mwa mtu mwingine, na atakachosema kitajadiliwa sokoni wiki nzima.

Swali linaloulizwa pale lina umri mkubwa kuliko mpira. Mtu anaijuaje nia ya mwenziwe? Na kama hawezi kuijua, anapata wapi haki ya kumwadhibu kwa sababu yake?

Raga, mchezo ambao Tanzania una wapenzi zaidi Arusha na Dar es Salaam kuliko huku magharibi mwa Ziwa Viktoria, imeliweka swali hilo wazi kuliko soka. Katika raga, mchezaji aliye mbele ya mwenzake aliyeucheza mpira mara ya mwisho ameotea, na haruhusiwi kuingilia mchezo. Lakini watu ni wengi, nafasi ni finyu na mpira ule wa umbo la yai hudunda unakotaka. Mara kwa mara unamkuta aliyeotea bila yeye kuutafuta. Sheria imeliona hilo. Kama hakuweza kuukwepa na timu yake haikufaidika, mchezo unaendelea. Kama hakuweza kuukwepa lakini timu yake imefaidika, wapinzani wanapewa skramu, yaani wao ndio wanaoingiza mpira pale wachezaji wanane wa kila upande wanaposukumana. Kama aliucheza hali ameotea, ni penalti, na penalti iliyo karibu na nguzo kwa kawaida ni pointi 3 mkononi.

Tarehe 8 Julai 2017, katika uwanja wa Eden Park mjini Auckland, tofauti hiyo ilibeba uzito wa mfululizo mzima wa mechi tatu. New Zealand na British and Irish Lions walikuwa wameshinda mechi moja kila upande, na ya tatu ilikuwa 15 kwa 15 huku zimebaki dakika chache. Mpira wa kuanzisha upya ulipigwa juu. Kieran Read wa New Zealand akaruka kuugombea na Liam Williams wa Lions. Ukamtoka Williams kwenda mbele, ukaangukia mikononi mwa mwenzake Ken Owens, aliyekuwa ameotea. Owens akaushika. Kisha, kama mtu aliyegusa sufuria iliyotoka jikoni, akauachia na kuinua mikono.

Refa Mfaransa Romain Poite akapuliza penalti. Nahodha wa Lions, Sam Warburton, akamsihi aangalie tena kama Read aliruka kihalali. Picha zikarudiwa, wasaidizi wakasemezana na refa, na hatimaye Poite akageuza uamuzi: kuotea kwa bahati mbaya, skramu. Mechi ikaisha sare, mfululizo ukaisha sare, na wapenzi wa raga wa New Zealand wakabaki na kinyongo cha miaka.

Mikono ya Owens ndiyo kesi nzima. Anayemtetea husema: tazameni, ameuachia papo hapo, hakuutaka. Anayemshtaki husema: ameuachia kwa sababu alijua ameotea, na anayelijua hilo huku mpira uko viganjani ameshaucheza. Tendo ni moja, nalo linatoa ushahidi kwa pande zote mbili. Kwa jinsi sheria inavyosomeka, uamuzi wa kwanza wa Poite ulikuwa na msingi imara zaidi, kwa kuwa mpira uliogonga mtu na mpira ulioshikwa kwa mikono miwili havifanani. Hata hivyo, mtu mwingine mwenye akili timamu angeweza kuamua kinyume, na wengi waliamua hivyo.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni skramu yenyewe, ambayo mashabiki huichukulia kama msamaha. Sivyo. Aliyeotea kwa bahati mbaya haambiwi kwamba hakuna kilichotokea. Anaambiwa: hukukusudia, lakini umepata kitu ambacho si chako, kirudishe. Penalti inaongeza juu ya hapo: na kwa kuwa ulitaka, utalipia. Kurudisha ni jambo moja na kuadhibiwa ni jingine, na nia inahusika na la pili tu. Mafundisho ya dini yalishalipanga jambo hili hivyohivyo karne nyingi kabla mtu yeyote hajabuni mpira wa yai.

Katika Surat An-Nisaa, aliyemuua muumini kwa kukosea hauawi. Lakini haendi nyumbani hivihivi. Ana kafara, iwe kumwacha huru mtumwa au, asiyeweza, kufunga miezi miwili mfululizo. Na kuna diya, yaani fidia, kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakiisamehe. Aliyeua kwa kukusudia yuko katika mlango mwingine kabisa. Torati nayo inamkinga aliyeua kwa kukosea asifikiwe na mlipiza kisasi cha damu, lakini inamfungia ndani ya mji wa makimbilio hadi kuhani mkuu afe. Kumbukumbu la Torati linatoa mfano wa watu wawili waliokwenda msituni kukata kuni, shoka likachomoka kwenye mpini na kumpata mmoja. Mwenye shoka hana kosa moyoni. Bado atauhama mji wake, pengine kwa miaka.

Msomaji wa leo huona hapo uonevu. Katika karne ya 12, mwanatheolojia Peter Abelard wa Ufaransa alilitazama jambo kama hilo usoni. Aliandika juu ya mama maskini aliyemfunika mtoto wake mchanga kwa nguo zake ili asipate baridi, usingizi ukamzidi, mtoto akakosa pumzi. Askofu anampa toba nzito. Abelard, aliyefundisha kwamba dhambi iko katika kuridhia kwa moyo na si penginepo, hakudai kwamba mama yule alikuwa na hatia hiyo. Alisema toba ile ni ili akina mama wengine wachukue tahadhari. Jibu hilo lina akili, lakini ni la kikatili kidogo: linamfanya mama mmoja kuwa tangazo kwa wengine.

Bernard Williams, mwanafalsafa Mwingereza, alikuja na mfano ulio karibu zaidi na watu wa Biharamulo. Mwaka 1976 aliandika kuhusu dereva wa lori anayemgonga mtoto bila uzembe wowote. Barabara kuu inayotoka mpakani Rusumo, ikapita Benaco, Lusahunga na Nyakanazi kuelekea Kahama, inapitiwa usiku na mchana na malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi, na wanaoishi kando yake hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Dereva hakukusudia, breki zilikuwa nzima, mwendo ulikuwa halali. Williams alisema watu watamfariji, na ni haki yao kufanya hivyo, lakini dereva anayefarijika upesi mno atawatia shaka. Kuna deni ambalo mtu analihisi kwa kuwa mkono ulikuwa wake, hata kama nia haikuwa yake. Wazee wanaokwenda msibani na dereva, wakabeba ubani na kukaa chini na wafiwa, wanalielewa deni hilo bila kusoma falsafa. Ni deni la kurudisha. Skramu, kwa lugha ya raga.

Sasa tuuendee moyo wenyewe.

Hadithi ya kwanza katika mkusanyiko wa Imam Bukhari, iliyopokewa kwa Umar bin Khattab, inaifanya nia kuwa kipimo cha matendo yote. Umar huyohuyo, alipokuwa khalifa, anapokewa akieleza kwamba zama za Mtume wahyi uliweza kufichua siri za watu, lakini wahyi ukishakatika, viongozi wanahukumu kwa yanayoonekana, na ya ndani wanamwachia Mungu. Kisa cha Usama bin Zaid kinabana zaidi. Vitani alimuua mtu aliyetamka shahada upanga ukiwa juu yake, akajitetea kwamba yule alisema kwa kuogopa silaha. Mtume akamuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona. Usama, inasimuliwa, alitamani angekuwa ameingia Uislamu siku ile tu.

Basi mahakimu wa dini hizi, kwa kushindwa kuupasua moyo, walitazama mkono umeshika nini. Kitabu cha Hesabu, sura ya 35, kinaanza na chombo: chuma, jiwe la kuua mtu, kipande cha mti. Baada ya chombo ndipo kinauliza kama kulikuwa na chuki ya zamani au kuvizia. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, nao wanatazama chombo: aliyepiga kwa kitu ambacho kwa kawaida huua anahesabiwa amekusudia, aliyepiga kwa kisichoua kwa kawaida yuko katika daraja la kati, lenye kufanana na kusudi, na aliyemlenga ndege akampata mtu amekosea tu. Imam Malik hakulikubali daraja hilo la kati, na mjadala wake na wengine haujaisha.

Mahakama za Tanzania zinapita njia hiyohiyo. Kesi za mauaji za Ngara na Biharamulo husikilizwa na Mahakama Kuu, Kanda ya Bukoba. Ikithibitika kwamba mshtakiwa aliua kwa makusudi, Kanuni ya Adhabu haimwachii jaji uchaguzi: ni kunyongwa. Ikiwa aliua bila kukusudia, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha au kuwa ndogo kabisa. Kati ya kitanzi na miaka michache kuna kitu kimoja tu, dhamira, na hakuna shahidi aliyeiona. Katika rufaa ya jinai namba 150 ya 1994, iliyosikilizwa Mbeya na ambayo mahakama huitaja mara kwa mara, Mahakama ya Rufani ilieleza dalili za kutazamwa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Silaha imetangulia, kama katika Hesabu, kama kwa Imam Shafi. Na lile la mwisho, mwenendo wa baada ya tukio, ndilo lililomfanya Owens ainue mikono.

Dalili hizi zinafanya kazi vizuri pale chombo kinaposema kitu. Ngara ilipata kuona chombo kikikaa kimya.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikuwa halijawahi kushuhudia wimbi kubwa hivyo kwa muda mfupi hivyo. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari. Juu ya daraja walipita wanawake na magodoro, watoto na madumu, wazee, wakulima, na miongoni mwao watu waliowaua jirani zao majuma machache kabla. Walinzi wa mpaka wa Tanzania waliwataka waache silaha, na picha za waandishi wa habari wa siku zile zinaonyesha rundo la mapanga kando ya njia.

Panga si bunduki. Kila nyumba ya mkulima wa Kibungo, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa nalo, kama ilivyo kila nyumba ya Mhangaza na Msubi leo: la kukatia ndizi, kufyekea, kuchanjia kuni. Katika rundo lile yalikuwemo mapanga yaliyoua na mapanga ambayo hayakuwahi kugusa kitu zaidi ya mgomba, na baada ya mvua ya masika yote yalifanana. Askari aliyesimama pale asingeweza kuuliza lingine lolote katika orodha ya Mahakama ya Rufani. Mapigo mangapi? Maneno gani? Mwenendo gani kabla? Nyuma ya kila aliyevuka walikuwa wanasukumana maelfu.

Kitabu cha Yoshua kina utaratibu juu ya hili, nao haunukuliwi sana mimbarani. Mkimbizi akifika kwenye mji wa makimbilio hasimami ndani, anasimama langoni, anaeleza habari zake masikioni mwa wazee, ndipo wanampokea. Baadaye bado kuna kusimama mbele ya mkutano kwa hukumu. Makimbilio na uchunguzi viliwekwa pamoja, kwa sababu mji unaompokea kila mtu bila kuuliza unamlinda muuaji dhidi ya aliyekimbia muuaji. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unafuata mantiki hiyo unapomnyima hifadhi mtu mwenye tuhuma nzito za uhalifu wa kivita au dhidi ya binadamu. Lakini unataka kila mtu aangaliwe peke yake, na kwa watu 250,000 kwa siku moja hakuna wazee wa kutosha langoni.

Benaco, iliyokuwa imebaki na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa kwa ghafla miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Baada ya muda wageni walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya. Walikuwa wamefika kwa makundi ya tarafa zao, na chakula kikagawiwa kupitia viongozi wao wa nyumbani. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Ila baadhi ya viongozi hao walikuwa wamesimamia mauaji, na sasa orodha za mgao zilikuwa mikononi mwao. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijiondoa katika kambi za wakimbizi hao kwa sababu hiyo, uamuzi ambao wengine waliuona wa heshima na wengine wakauona kuwa ni kuwaadhibu wagonjwa kwa makosa ya wakubwa wao. Wote walikuwa na hoja.

Mmoja wa viongozi hao alikuwa Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi. Juni 1994 watumishi wa misaada walipotaka aondolewe Benaco, umati wenye mapanga uliwazingira. Aliondoka Ngara bila kushtakiwa, akakamatwa Kongo-Brazzaville mwaka 2002, na Machi 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa Arusha ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari na kumpa kifungo cha maisha. Miongoni mwa maeneo yaliyotajwa ni parokia za Kiziguro na Mukarange, walikokimbilia watu wakidhani kanisa ni makimbilio. Oktoba 2012 rufaa yake ilithibitisha hatia hiyo lakini ikaipunguza adhabu hadi miaka 40, kwa kuwa alikuwa amewekwa mahabusu muda mrefu mno kabla ya kesi kuanza. Hata aliyekusudia, mahakama ilisema kwa tendo hilo, ana haki ya kutocheleweshwa.

Mauaji ya kimbari ni kosa linalodai nia kuliko kosa jingine lolote: haitoshi kuua wengi, lazima iwepo azma ya kuliangamiza kundi. Katika hukumu yake ya kwanza, ile ya Jean-Paul Akayesu ya Septemba 1998, mahakama ya Arusha ilikiri kwamba azma ni jambo la ndani lisilopimika moja kwa moja, ikaamua kuisoma katika matendo: yalivyopangwa, nani alichaguliwa, nani aliachwa, maneno gani yalisemwa hadharani. Umar angeielewa njia hiyo mara moja. Iliwachukua majaji miaka kufanya kwa mtu mmoja mmoja kile ambacho hakikuwezekana darajani kwa siku moja.

Kwa wengine wote hapakuwa na Arusha. Mwanzoni mwa Desemba 1996 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wote warejee kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, jeshi likawageuza, na barabara ya Rusumo ikajaa tena, safari hii kuelekea magharibi. Mwenye hatia na asiye nayo walirudishwa kwa amri moja, kama walivyokuwa wamepokewa kwa huruma moja. Ikiwa kuna kosa la kifalsafa katika historia ya Benaco, liko katika ulinganifu huo, na ni vigumu kuwalaumu wenyeji wa Ngara kwa hilo, waliokuwa wamegawana maji, kuni na mashamba kwa zaidi ya miaka miwili.

Nyumbani Rwanda, waliorudishwa walikuta sheria mpya ya Agosti 1996, iliyowagawa watuhumiwa katika madaraja manne: wapangaji, wauaji, waliojeruhi watu vibaya, na walioharibu au kuiba mali. Wa daraja la mwisho hawakupangiwa kwenda gerezani. Walitakiwa kulipa tu: bati, ng'ombe, mlango, au kazi ya mikono kwa asiye na kitu. Baadaye mashauri yalihamia kwenye mabaraza ya gacaca, yaliyofungwa rasmi Juni 2012 baada ya kupitia kesi karibu milioni 2, na zaidi ya milioni 1 kati yake zilihusu mali. Hapakuwa na mawakili. Kulikuwa na majirani waliokaa kwenye nyasi wakiulizwa nani alishika panga lipi, alisema nini, alipiga wapi, na alifanya nini siku iliyofuata. Wengine walijibu kweli, wengine walidanganya kwa kuogopa au kwa kulipwa, na katika vijiji vingine watu walikubaliana kunyamaza.